Kabla hujanunua pampu mpya

Fundi aliweka mkono juu ya pampu inayosukuma maji ndani ya nyumba, akatikisa kichwa. "Mama, hii imekwisha. Andaa laki tatu na nusu." Ilikuwa mwezi wa tisa, nyumbani kwetu Goba, Dar es Salaam. Kwa wiki mbili pampu ile ilikuwa ikiwaka na kuzima kila baada ya sekunde chache, na usiku wa manane ilikuwa ikishtuka yenyewe huku bomba zote zimefungwa. Bafuni maji yalikuja kwa kishindo, kisha yakafifia, kisha yakaja tena. Laki tatu na nusu sikuwa nayo siku ile, nikamwomba anipe siku mbili.

Jioni yake jirani yetu, mzee aliyefanya kazi gereji maisha yake yote, alikuja na kipimo cha upepo wa tairi. Pembeni ya pampu kuna tenki dogo jekundu la presha, la lita 24. Mwishoni mwake kuna kifuniko cha plastiki, na ukikifungua unakuta valvu kama ya tairi. Mzee alizima umeme, akafungua bomba la uani mpaka maji yakakata kabisa, ndipo akapima. Mshale haukusogea. Ndani ya tenki lile kuna mfuko wa mpira unaobeba maji, na kuuzunguka mfuko kuna upepo. Upepo huo ndio unaosukuma maji bombani pampu ikiwa imepumzika. Ukiisha, hata ukichota kikombe kimoja presha inaporomoka, swichi inaiwasha pampu, presha inaruka juu papo hapo, swichi inaizima. Mota ikifanyiwa hivyo mara mamia kwa siku, mwishowe huungua.

Swichi yetu huwasha pampu kwenye bar 1.4, na upepo unatakiwa uwe chini ya hapo kidogo, kwa hiyo tulijaza hadi bar 1.2 kwa pampu ya baiskeli. Kuwaka na kuzima kukakoma, lakini usiku pampu ikashtuka tena mara moja. Asubuhi nikakoroga bluu ya kufulia nikaimimina kwenye tangi la choo cha wageni. Baada ya robo saa, bila mtu kuvuta maji, bakuli lilikuwa la bluu. Mpira wa tangi la choo ulikuwa umechakaa, maji yanapita kimya kimya usiku kucha. Nilinunua mpira mwingine kwa shilingi 6,000, na hiyo ndiyo gharama yote. Pampu iliyokuwa "imekwisha" inafanya kazi hadi leo.

Nilipita maduka ya vifaa vya maji kule Gerezani, Kariakoo, kuuliza bei, na tofauti zake zilinisikitisha kwa niaba ya wote wanaokubali kauli ya kwanza ya fundi. Swichi ya presha niliambiwa shilingi 25,000. Tenki la presha la lita 24, jipya, 95,000; mpira wake wa ndani peke yake, chini ya nusu ya hapo. (Ukibonyeza valvu ya upepo yakatoka maji, mpira umepasuka. Badilisha mpira, bati likiwa halijaoza.) Kapasita ya pampu ya kisima, 15,000. Pampu mpya ya kuzamisha kisimani, ya hosipawa 1, ilianzia laki nne na nusu, na za Ulaya zilipita milioni moja na nusu.

Kapasita naitaja kwa makusudi. Pampu ya kisimani ikigoma kuanza, ukasikia mvumo tu halafu swichi ya kinga ya umeme inajikata, mara nyingi ugonjwa uko kwenye kisanduku cha kuwashia pampu kilicho ukutani. Kapasita ikichoka, mota haipati msukumo wa kuanzia. Fundi umeme aibadilishe, wewe usiiguse, maana hubaki na umeme hata baada ya kuzimwa. Swichi ikijikata papo hapo bila mvumo wowote, hapo shaka ni waya au kiungio kilichoingiwa na maji kule chini. Mwambie apime waya kwa mega, kipimo cha kuvuja kwa umeme, akiwa juu kabla hajaleta vijana wa kuvuta bomba, kwa sababu kuvuta pampu iliyo mita 50 chini na kuirudisha niliombwa 120,000, na unalipa hata kama kosa halikuwa huko.

Maji yakipungua, sikiliza yanavyopungua. Yakija vizuri dakika tano, yakaanza kutema upepo, yakakata, kisha yakarudi baada ya saa nzima, kisima ndicho kimechoka. Hutokea sana kabla ya mvua za vuli. Hapa watu hufanya kosa la ghali kuliko yote: wananunua pampu kubwa zaidi. Pampu kubwa hukikausha kisima haraka zaidi, na pampu ya kuzamisha ikizunguka bila maji huungua kwa sababu maji ndiyo yanayoipoza. Kinachotakiwa ni kifaa cha kuizima maji yakishuka, na kusukuma kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku. Lakini yakiwa hafifu muda wote, bila kutema, tafuta bomba lililopasuka ndani ya kisima, valvu ya kuzuia maji yasirudi iliyolegea, au mchanga uliokula pangaboi za pampu. Pima pia umeme wa jioni. Mota ya volti 230 kwa kawaida huvumilia upungufu wa asilimia 10, yaani hadi 207. Chini ya hapo unaiunguza mwenyewe.

Mita ya umeme ya LUKU nayo husema mapema. Pampu ya hosipawa 1 hula takriban uniti 1.1 kwa saa. Ikijaza tenki la kuhifadhia maji kwa nusu saa kila siku, ni uniti kama 17 kwa mwezi. Bomba likivuja kisimani ikahitaji saa mbili, zinafika 66. Mteja mdogo wa TANESCO hupata bei nafuu asipozidi uniti 75 kwa mwezi. Ukiongeza taa na friji umeshavuka, unalipia bei ya kawaida ya karibu shilingi 350 kwa uniti pamoja na kodi. Uvujaji wa aina hiyo unakulipisha kila mwezi mpaka uuzibe.

Sasa swali ninaloulizwa na kila anayejenga: tenki juu ya mnara au pampu ya presha? Kila mita 10 za kimo hukupa karibu bar 1. Tenki likikaa juu ya mnara wa mita 6, bomba la mvua lililo mita 2 kutoka chini linapata kama bar 0.4 hadi 0.5. Unaoga vizuri, ila mashine ya kufulia inaweza kulalamika. Pampu ya presha hukupa bar 2 au 3 kwa bei ndogo kuliko chuma cha mnara, lakini umeme ukikatika huna hata tone. Kwa nyumba ya chini, mimi nachagua mnara, na bomba la inchi moja kushuka kutoka kwenye tenki, si la nusu inchi. Kwa ghorofa, weka vyote viwili, na umwambie fundi aunganishe njia ya pembeni yenye valvu ya kuzuia kurudi, ili umeme usipokuwepo maji yashuke yenyewe. Sola ya kusukuma maji ya kisima inalipa kwa anayemwagilia bustani au kufuga. Kwa familia inayowasha pampu nusu saa kwa siku, itachukua miaka mingi kurudisha fedha yake.

Na kama kweli pampu imekufa, usinunue kwa kusoma hosipawa. Soma kibao. Palipoandikwa H max mita 80, maana yake kwenye mita 80 haitoi maji kabisa. Jumlisha kina cha maji wakati pampu inafanya kazi, urefu wa mnara na mita chache za msuguano. Ukipata 48, dai jedwali la pampu linaloonyesha inatoa lita ngapi kwenye mita 50. Muuzaji asiye na jedwali, mwache. Pwani, ambako visima vingi vina chumvi, chukua chuma cha pua.

Leo kabla giza halijaingia, pima sekunde ambazo pampu yako inatumia kujaza ndoo ya lita 20, uziandike ukutani kwa kalamu ya wino karibu na swichi, pamoja na tarehe. Siku fundi akikuambia imekwisha, pima tena mbele yake.