Aliyebaki na Mama

Mama akianguka kijijini, habari hufika mjini kabla hajainuliwa vizuri. Ndani ya saa moja kundi la WhatsApp la familia limeamka, michango imetajwa na pesa imeingia kwenye simu ya mtu. Swali ambalo kundi hilo huchelewa kuliuliza ni hili: simu ya nani? Nani alimwinua, nani alifua shuka, nani atakesha naye leo na kesho? Karibu kila familia ina jibu. Ni binti aliyeachika akarudi nyumbani, ni mke wa kitinda mimba, ni mjukuu wa kike aliyemaliza darasa la saba hakuendelea. Mpango wowote wa kumsaidia mzazi aliye mbali inabidi uanze kwa mtu huyo, kwa sababu yeye ndiye mpango wenyewe. Sisi wengine tunachangia tu.

Nachukua mfano wa Makete, mkoani Njombe, kwa kuwa huko mambo haya hayajifichi. Ni nchi ya milima. Baridi ya Juni na Julai huacha sakitu mashambani, na uwanda wa Kitulo unafika mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Wakinga, wenyeji wa huko, wanajulikana kwa biashara. Nenda Kariakoo, Mwanjelwa au Tunduma utawakuta madukani, na wengi wao wana mama au baba aliyebaki milimani na shamba la viazi. Lakini Makete pia imo katika ukanda ulioumizwa vibaya na UKIMWI. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 uliikuta Njombe ikiongoza mikoa yote kwa maambukizi, asilimia 12.7 ya watu wazima. Kabla dawa za kufubaza virusi hazijaanza kutolewa bure mwaka 2004, vijiji vilizika watu wa umri wa kuzaa na kulea, na mabibi wakabaki na wajukuu. Bibi wa miaka 80 leo mara nyingi ni mtu aliyelea mara mbili. Watoto waliotarajiwa kumtunza hawapo, na mzigo umemwangukia mjukuu, au binti mmoja ambaye hakuondoka.

Jambo la kwanza la kukubali ni kwamba sauti ya mzazi kwenye simu si ushahidi. Atakwambia mzima tu, Mungu anasaidia, wewe fanya kazi mwanangu. Atasema hivyo hata kama hajala tangu jana, kwa sababu hataki ufunge duka kwa ajili yake. Anayejua hali ni yule anayelala naye nyumba moja, na huyo ama haulizwi, ama huulizwa mama akiwa pembeni anasikiliza. Mpigie peke yake. Muulize mambo yanayojibika: mama alikula nini jana jioni, aliamka mara ngapi usiku, vidonge vya presha vimebaki vingapi, chooni anafika mwenyewe au anashikwa mkono? Kisha muulize na yeye alilala saa ngapi.

Majibu hayo ndiyo yaongoze fedha. Familia nyingi hutumia pesa kwa vitu ambavyo mgeni akija ataviona, bati jipya, vigae sebuleni, seti ya makochi, wakati hatari ziko kwingine. Choo ni hatari ya kwanza. Choo cha shimo kilichojengwa mbali na nyumba, njia yake ikiteleza wakati wa mvua, kinachomtaka mtu achuchumae gizani, ndicho kinachovunja nyonga za wazee. Fundi seremala wa hapo hapo kijijini anaweza kutengeneza kiti cha mbao chenye tundu katikati na mahali pa kushikia pande zote mbili, na ndoo yenye mfuniko ikakaa chumbani usiku. Gharama yake haifiki bei ya kochi moja. Hatari ya pili, hasa kwenye nchi ya baridi, ni jiko la mkaa linaloingizwa chumbani ili mzee apate joto, kisha mlango na dirisha vikafungwa. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala huweza asiamke. Mzee wa Ukinga anahitaji blanketi nzito, soksi za sufu na kofia ya kulalia, na jiko libaki jikoni.

Kisha kuna macho. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji mfupi, na mtu aliyekuwa akiongozwa kwa mkono akarudi kuchambua maharage na kuhesabu kuku wake. Bado wazee wengi huachwa gizani kwa kuambiwa kuwa ni uzee. Wilayani Makete kuna hospitali ya Ikonda, ya Wamisionari wa Konsolata, ambayo wagonjwa huifuata kutoka mikoa ya mbali. Kinachomzuia mzee wa kijiji cha jirani kufika hospitali mara nyingi si kilomita. Ni kukosa wa kumsindikiza, wa kukaa naye kwenye foleni na wa kumpikia akilazwa. Hapo tena tunarudi kwa yule yule mmoja, ambaye akienda hospitali na mama anaacha shamba na watoto bila mtu.

Presha nayo inataka utaratibu kuliko fedha. Vidonge ni vya kila siku, vya maisha, na wazee wengi huviacha wakishajisikia nafuu. Kiharusi kikija, mtunzaji anakuwa na mgonjwa wa kugeuzwa kila baada ya saa mbili ili asitoboke vidonda mgongoni na nyongani. Weka siku moja ya mwezi ya kwenda kliniki. Kubaliana na dereva mmoja wa bodaboda anayejulikana kijijini, umlipe wewe moja kwa moja, na dawa inayokosekana zahanati uilipe kwenye lipa namba ya duka la dawa. Anayemtunza mama asiwe tena mtu wa kuulizwa chenji ilikwenda wapi.

Serikali inasaidia kiasi, na inafaa kujua ni kiasi gani. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na wazee wasiojiweza wana haki ya matibabu bila malipo kwa kitambulisho ambacho orodha yake huanzia kijijini. Hakikisha jina la mama limo. Mtendaji wa kijiji hawezi kuandika jina ambalo hakuna aliyemletea. Kitambulisho kinafungua mlango wa zahanati, lakini hakijazi rafu ya dawa. Mwajiriwa aliye kwenye Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) anaweza kumwandikisha mzazi miongoni mwa wategemezi wake wanne, nafasi ambayo wengi huimaliza kwa watoto. Januari 2024 ulizinduliwa mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, lengo likiwa zaidi ya 137,000 nchi nzima. Kama kijiji chenu kina mmoja, mjue kwa jina na umwombe apite kwa mama.

Pensheni ya wazee wote Bara haipo. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila aliyefika miaka 70. Kenya ina Inua Jamii, shilingi 2,000 za huko kwa mwezi kwa umri huo huo. Kwetu kulikuwa na jaribio dogo la kutufundisha: huko Nshamba, wilayani Muleba, shirika la Kwa Wazee lilianza mwaka 2003 kuwapa wazee pensheni ya kila mwezi, wengi wao wakiwa mabibi wenye yatima. Tathmini iliyotoka 2008 ilikuta fedha hizo zikienda kwenye chakula, chumvi, sabuni na mahitaji ya shule ya wajukuu. Kiasi kilikuwa kidogo, ila kilifika kila mwezi, na mzee mwenye uhakika wa tarehe huweza kukopa sabuni dukani akaaminiwa. Watoto walio mjini hutuma kinyume chake: kingi wakati wa msiba au ugonjwa, kisha kimya cha miezi. Kidogo kinachofika tarehe ile ile kinamlinda mzee zaidi.

Nafika sasa kwenye jambo linaloleta ugomvi. Anayetunza alipwe. Alipwe kiasi kinachojulikana, tarehe inayojulikana, kwenye namba yake mwenyewe, mbali na pesa ya mama. Najua kaka wengi watauliza mtoto analipwaje kwa kumtunza mama yake mzazi. Lakini binti huyo naye angeweza kuwa Makambako na meza ya nguo. Kila mwaka anaokaa pale ni mwaka wa biashara asiyoifanya, na ni mwaka ambao sisi tumeufanya biashara kwa kuwa yeye yupo. Baraka za mama ni zetu sote. Kuamka saa nane za usiku ni kwake peke yake. Tukimlipa hatununui upendo wake. Tunarudisha sehemu ya kile tunachochukua.

Na kama anayetunza ni mtoto, hapo pana kosa la kurekebishwa mara moja. Mjukuu hupelekwa kijijini “akamsaidie bibi”, na baada ya mwaka anachota maji, anapika, anamwogesha mgonjwa na anasinzia darasani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na aliyefika umri huo apewe kazi nyepesi tu, isiyomzuia kusoma. Undugu haupunguzi uzito wa ndoo. Mtafuteni mtu mzima, hata wa kulipwa kwa siku, na mtoto arudi kuwa mjukuu.

Kumhamishia mama Dar es Salaam huonekana njia rahisi. Kwa baadhi ni lazima, hasa akili inapoanza kupotea. Wengi, hata hivyo, wanaishia chumba cha Mbagala, joto, mlango umefungwa mchana kutwa, bila shamba na bila mtu wa kuongea naye Kikinga. Akikataa kuondoka, mara nyingi ana sababu.

Halafu mama anafariki, na ndipo aliyebaki anapojua thamani yake. Ndugu wanafika, wanazika vizuri, wanakaa kikao cha ukoo, na ardhi inagawanywa. Tangazo la Sheria za Mila la 1963, kwa jamii zinazofuata ukoo wa baba, liliwaweka mabinti daraja la tatu katika urithi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema mwanamke ana haki ya ardhi sawa na mwanamume, lakini kikao cha ukoo hakiketi na kitabu cha sheria. Kinachosikilizwa ni kilichoandikwa mapema. Mama akiwa hai na akili timamu, halmashauri ya kijiji inaweza kutoa hatimiliki ya kimila yenye jina la binti kwenye sehemu yake, na wosia unaweza kuandikwa mbele ya mashahidi na kuhifadhiwa kwa wakala wa serikali wa usajili, RITA. Jambo hili walianzishe wana wa kiume. Binti akilianzisha mwenyewe ataambiwa anamngojea mama afe.

Nafasi ya kuyaweka sawa yote haya ni Desemba, wenye maduka wanapopanda kwenda kuwaona wazazi. Wakifika, aliyebaki apewe nauli na likizo ya wiki mbili. Aende kwa rafiki yake, alale usiku mzima. Waliotoka mjini wapokee daftari la vidonge, wajifunze ubavu ambao mama anapenda kuulalia, wambebe kwenda chooni, wamgeuze usiku kwa zamu. Kikao cha kupanga michango ya mwaka kisifanywe siku waliyofika. Kifanywe mwisho wa wiki hizo mbili, wakati kila aliyeketi pale ameshakesha, na hapo ndipo kiasi cha kumlipa kitajwe.