Mgonjwa Si Mgeni wa Kupewa Jembe

Wahenga walinena kwamba mgeni ni siku mbili, na siku ya tatu apewe jembe. Ni usemi mwema kwa mgeni mwenye nguvu zake. Linalosikitisha ni kwamba katika nyumba na shule nyingi za hapa Eldoret na viungani mwake, usemi huo umegeuzwa kuwa kanuni ya kumpokea mwanamke aliyerudi kutoka hospitalini baada ya kupasuliwa titi. Wiki ya kwanza huletewa uji na pole. Ya pili huulizwa atarejea kazini lini. Ya tatu tayari ana ndoo ya maji mkononi.

Katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi hufika wagonjwa kutoka Iten, Kapsabet, Kitale na hata Lodwar. Miongoni mwao wamo wanawake wanaoondolewa titi kwa sababu ya saratani. Wapo pia nchini wanaotiwa vipandikizi vya silikoni, ama kurudisha umbo lililopotea, ama kwa ajili ya urembo. Hawa wa mwisho hudhihakiwa kwamba walijitakia. Nionavyo mimi, kidonda hakijui sababu ya kisu. Wote wanahitaji muda.

Yafaa ieleweke kwamba ngozi inapofumba, kazi ya ndani huwa bado. Damu na majimaji huweza kukusanyika penye jeraha, ndiyo maana wengine hurudi nyumbani wakiwa na mrija wa kuyatoa. Penye kipandikizi, mwili hujenga utando wa kovu wa kukizingira. Kuinua mzigo mzito mapema huweza kuanzisha kutoka damu upya au kukisogeza kipandikizi mahali pake. Kwa hiyo madaktari kwa kawaida hukataza kazi nzito kwa muda wa wiki 4 hadi 6. Hii haina maana kwamba mkono ulale tu. Mazoezi mepesi aliyofundishwa mgonjwa hospitalini huzuia bega lisikakamae.

Sasa mtazame mwalimu. Kuandika ubaoni ni kuinua mkono juu ya bega, kipindi baada ya kipindi. Kubeba madaftari 50 ya wanafunzi ni mzigo. Mwalimu aliyepasuliwa akirudishwa darasani kabla ya wakati, chaki yenyewe huwa jembe.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi aliyetumikia miezi 2 mfululizo angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na siku 7 nyingine kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12. Walimu walioajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu wana kanuni zao. Lakini mwalimu aliyeajiriwa na bodi ya shule, ikiwa bodi itashika kiwango hicho cha chini kabisa, atapata siku 14 ilhali kidonda kinadai 42. Siku 28 zinazobaki atazilipia nani? Sheria imeweka sakafu. Haikumkataza mwajiri kujenga juu yake. Bodi zetu ziamue mapema, kabla mgonjwa hajapatikana, ili asilazimike kuomba huruma akiwa na bendeji kifuani.

Ajabu ni kwamba jiji hili linajua vyema thamani ya mapumziko. Mwanariadha wa Kaptagat akiumia mguu, hakuna amwitaye mvivu akipumzika. Sote tunajua kwamba akikimbilia barabarani mapema atapoteza msimu mzima. Mbona hekima hiyo tunaimalizia kwa wakimbiaji, mama zetu tukawanyima?

Kupumzika, hata hivyo, si kukaa bila kujali. Mgonjwa amalize dawa alizopewa, asipake kidondani mitishamba wala kitu chochote ambacho hakuagizwa na daktari, na ajiepushe na sigara, maana huchelewesha kupona. Arudi hospitalini bila kungoja siku ya miadi akiona homa, usaha, harufu mbaya, wekundu unaoenea, au upande mmoja kuvimba ghafla. Kifua kikibana, pumzi ikikatika au mguu mmoja ukivimba na kuuma, hiyo ni dharura, kwani huenda damu imeganda mishipani. Mwenye kipandikizi atunze kadi yenye jina na nambari yake. Mwaka 2010 kampuni ya Kifaransa ya PIP ilibainika kujaza vipandikizi vyake silikoni isiyokusudiwa kwa tiba, na wanawake wa nchi nyingi wakahitaji kujua walichokuwa nacho mwilini.

Nanyi wanafunzi mna sehemu yenu. Kufuta ubao, kubeba madaftari, kumwandikia mwalimu tarehe na mada ni mambo madogo kwenu, lakini kwake ni tiba. Nyumbani, mwenye kukamua ng'ombe na kuteka maji kwa wiki 6 si lazima awe binti. Mvulana naye ana mikono miwili mizima.

Daktari hushona kwa saa chache. Kuzilinda nyuzi zake ni wajibu wetu sisi tunaoishi na mgonjwa.