Kombe Lililohama Baada ya Siku Saba

Chemsha bongo si mchezo mgeni kwetu. Wazee wetu walikaa barazani jioni wakitegeana vitendawili, na aliyeshindwa kutegua alidaiwa mji. Huko Uingereza mchezo wa jamii hiyo umeingizwa katika televisheni, ukawekewa sheria, saa na kombe, na wachezaji wake ni wanafunzi wa vyuo vikuu. Kipindi chenyewe huitwa University Challenge. Kilianza mwaka 1962 kwa kufuata mfano wa mashindano ya Marekani yaliyoitwa College Bowl, kikasimama mwaka 1987, kisha kikafufuliwa na BBC mwaka 1994. Tangu hapo hadi mwaka 2023 muulizaji wake alikuwa Jeremy Paxman, bwana ambaye mwanafunzi aliyejibu ovyo hakupenda kumtazama usoni.

Katika mechi zote zilizopata kuchezwa huko, iliyozua mazungumzo mengi zaidi katika majumba ya watu ni fainali iliyoonyeshwa usiku wa tarehe 23 Februari, 2009. Timu zilikuwa mbili: Corpus Christi, chuo kidogo cha Oxford kilichoanzishwa mwaka 1517, na Chuo Kikuu cha Manchester. Watu zaidi ya milioni 5 waliitazama.

Ili msomaji aonje utamu wa mechi hiyo, yafaa kwanza azijue sheria. Kila timu ina watu wanne, mmoja wao akiwa nahodha. Swali la kufungulia hujibiwa na mtu mmoja mmoja, bila kunong'onezana. Anayewahi kubonyeza kitufe ndiye anayejibu, naye akipata huipa timu yake pointi 10. Hapo timu hupewa maswali matatu ya nyongeza, kila moja pointi 5, na sasa wanaruhusiwa kushauriana. Kwa hiyo mtu mmoja mwepesi aweza kuifungulia timu yake mlango wa pointi 25. Lakini upo mtego. Anayebonyeza kabla swali halijaisha, kisha akakosea, timu yake hukatwa pointi 5. Mchezaji hodari, basi, hujua mambo mengi, na zaidi ya hapo hujua ni katika neno lipi la swali anaweza kuthubutu. Walimu wenzangu watanielewa: darasani yuko mtoto anayenyoosha mkono kabla hujafikia nukta, na yuko anayejua jibu lakini hujiuma ulimi mpaka mwenzake alitaje. Katika mchezo huu wa kwanza huponza timu kwa haraka yake, na wa pili kwa ukimya wake.

Mashindano ni ya mtoano. Isipokuwa katika raundi ya kwanza, ambapo walioshindwa wakiwa wamekusanya pointi nyingi hupata nafasi ya pili, aliyefungwa mwaka ule alifunga virago.

Corpus Christi waliingia fainali wakiogopwa. Katika robo fainali walikuwa wamewatandika Exeter pointi 350 kwa 15. Nahodha wao alikuwa Gail Trimble, binti wa miaka 26 aliyekuwa akisomea shahada ya uzamivu katika fasihi ya Kilatini. Timu ilikuwa imekusanya pointi 1,235 katika mechi zake nne, na katika hizo 825 zilihesabiwa kuwa zake yeye. Hiyo ni theluthi mbili. Mtu aweza kusema kwamba hiyo si timu, ni mtu mmoja na wasindikizaji watatu. Lakini atakuwa amesahau kuwa maswali ya nyongeza hujibiwa kwa shauri la wote, na kwamba nahodha asiyesikiliza wenzake hupotea huko.

Manchester nao hawakuwa watu wa kubeza. Walikuwa wamelitwaa kombe mwaka 2006, na chuoni kwao palikuwa na mkutubi aliyewateua na kuwanoa wanafunzi kwa mazoezi kama kocha wa kandanda. Tena walikuwa na kisa cha zamani. Mwaka 1975 timu ya Manchester ilijibu karibu kila swali kwa kutaja Che Guevara, Marx, Trotsky au Lenin, ikipinga desturi ya kuviruhusu vyuo vya ndani vya Oxford na Cambridge kuleta kila kimoja timu yake, hali vyuo vikuu vingine huleta timu moja tu. Desturi hiyo haikuondolewa. Kwa hiyo usiku ule wa 2009 wapo waliouona mpambano huo kama deni la miaka 34.

Mechi ilipoanza, walioogopwa walianza kuogopa. Manchester waliwahi vitufe, wakachukua maswali, wakaongoza kwa sehemu kubwa ya mwanzo. Trimble, ambaye watazamaji walimzoea akijibu kwa tabasamu kabla Paxman hajamaliza sentensi, alijikuta akifukuza. Hapo ndipo ilipoonekana tofauti ya mchezaji na mchezaji. Anayefukuza hushawishika kubahatisha, na kila bahati mbaya humgharimu pointi 5. Yeye hakubahatisha ovyo. Maswali yalipoanza kumwendea aliyachukua kwa mfululizo, pengo likafungika, kisha likafunguka upande wa pili. Kengele ya mwisho ilipolia matokeo yalikuwa Corpus Christi 275, Manchester 190. Ukitazama pointi 85 waweza kudhani ushindi ulikuwa mwepesi. Lakini kwa hesabu ya mchezo huu pengo hilo ni chini ya maswali manne ya kufungulia yaliyojibiwa vizuri pamoja na nyongeza zake zote.

Kilichofuata mitaani hakikupendeza. Badala ya kusifiwa tu, binti huyo alijadiliwa kwa siku kadhaa magazetini na kwenye kompyuta za watu: wengine walimwita mwenye majivuno, wengine wakapima sura yake. Gazeti moja la wanaume, lenye kuuzwa kwa picha za wasichana, lilimtafuta kupitia kaka yake ili apigwe picha. Kaka mtu akawauliza kama wao wangetoa anwani ya dada yao kwa gazeti kama hilo. Nami nauliza: kijana wa kiume angelijua Kilatini, kemia na muziki kwa kiasi hicho, nani angelimwambia kuwa anajua kupita kiasi? Wazazi wenye mabinti darasani wajibu wenyewe, maana maneno ya namna hiyo hayasemwi Uingereza peke yake.

Kabla kelele hizo hazijatulia likazuka jingine. Jumapili ya tarehe 1 Machi gazeti moja la huko liliandika kuwa mmoja wa wachezaji wa Corpus Christi hakuwa mwanafunzi tena wakati mechi za mwisho zikirekodiwa. Ikumbukwe kuwa vipindi hivyo hurekodiwa miezi mingi kabla ya kuonyeshwa. Fainali hiyo ilichezwa Novemba, 2008. Kijana huyo alikuwa amemaliza shahada yake ya kemia katikati ya mwaka huo. Alitarajia kuendelea na masomo ya uzamivu, fedha za kumsomesha hazikupatikana, naye akaajiriwa katika kampuni ya mahesabu. Alipocheza mechi za mwanzo alikuwa mwanafunzi halali. Alipocheza za mwisho alikuwa mwajiriwa. Sheria ilitaka kila mchezaji awe mwanafunzi kwa muda wote wa kurekodi. Mwenyewe aliomba radhi, akieleza kuwa aliamini kwa dhati kuwa bado anastahili.

Jumatatu ya tarehe 2 Machi, siku saba baada ya fainali kuonyeshwa, BBC na kampuni ya Granada iliyokuwa ikitengeneza kipindi hicho zilitangaza kwamba Corpus Christi wameondolewa na kombe ni la Manchester.

Nimesikia hoja kuwa adhabu hiyo ilikuwa kali mno, maana watatu kati ya wanne hawakuwa na kosa lolote. Hoja hiyo ina uzito, na anayeipuuza hajapata kuona mtoto akiadhibiwa kwa kosa la jirani wa dawati. Hata hivyo naona uamuzi ulikuwa wa haki. Timu nyingine zilizotolewa njiani zilitakiwa kuwa na wanafunzi watupu, na sheria iliyoandikwa isipotumika kwa mwenye nguvu huwa ni mzigo wa wanyonge tu. Ninachosikitikia ni kwamba Manchester nao walionewa kwa namna yake: walipewa kombe bila mtu kuona wakilishinda.

Walilishinda waziwazi mwaka 2012, na tena mwaka 2013. Gail Trimble alikamilisha utafiti wake juu ya mshairi wa Kirumi Catullus, kisha akawa mwalimu katika chuo cha Trinity, Oxford, akifundisha Kilatini na Kigiriki.