Kunoa Panga na Visu ili Makali Yadumu

Uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, hivyo vyuma vinavyonolewa Thika na Ruiru ni vya shambani, jikoni na bucha. Malalamiko ni yale yale: panga limenolewa asubuhi, kufikia saa sita ni butu. Anayelitumia huongeza nguvu, panga huteleza, na mkono ndio unaoumia.

Mara nyingi kosa ni joto. Fundi wa jua kali hulipitisha panga kwenye grinda ya umeme, na kwa dakika moja linatoka likimetameta. Lakini chuma kikigeuka rangi ya buluu, kimefika karibu nyuzi 300 za Selsiasi na ugumu wake umepungua. Makali hayo hupendeza kwa macho tu. Yatajikunja yakianza kukata nepia ya ng'ombe. Sehemu iliyobadilika rangi iondolewe yote kwa tupa. Anayelazimika kutumia grinda aguse kidogo kidogo, akichovya panga majini kabla halijawa moto wa kuchoma kidole.

Tupa huchukua muda, ila haiharibu chuma. Panga libanwe imara na mnoaji avae glavu. Tupa hukata inaposukumwa mbele. Wakati wa kurudi iinuliwe, la sivyo meno yake huisha mapema.

Panga la matawi lahitaji makali manene, kama digrii 30 kila upande, kwa kuwa makali membamba humeguka yakigonga mti mkavu. Kisu cha bucha ni digrii 20 hivi: kikiwa na upana wa sentimita 4, mgongo wake huinuliwa kama sentimita 1.4 juu ya jiwe lililoloweshwa. Kinolewe mpaka kidole kihisi ukingo mdogo wa chuma uliojikunja upande wa pili, kisha kigeuzwe. Wanaonoa haraka huuacha ukingo huo, nao ukikatika makali huondoka nao. Uondolewe kwa jiwe laini, polepole, upande huu na ule. Kisu kioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa nyama, maana vumbi la chuma hubaki.

Makasi ya kupogolea kahawa hunolewa upande wenye mteremko pekee. Upande bapa ukiliwa na tupa, nafasi hubaki kati ya vyuma viwili na tawi huraruka. Kidonda cha namna hiyo hupona polepole. Baada ya kazi, utomvu ufutwe na chuma kipakwe mafuta kidogo.