Gari la umeme hadi Ibra na Sur: kwa nini kituo kimoja hakitoshi

Kila Alkhamisi alasiri, barabara zinazotoka Muscat kuelekea bara hujaa magari ya watu wanaorudi makwao kwa mapumziko ya Ijumaa na Jumamosi. Wengine huelekea Nizwa, makao makuu ya mkoa wa Ad Dakhiliyah. Wengine huelekea Ash Sharqiyah, eneo ambalo tangu mwaka 2011 limegawanywa mikoa miwili: ya kaskazini yenye makao yake Ibra, na ya kusini yenye makao yake Sur.

Miongoni mwa wasafiri hao wamo wengi wanaozungumza Kiswahili nyumbani. Ni watu ambao wazee wao waliishi Zanzibar na kwingineko Afrika Mashariki, kisha wakarejea Oman baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, na kwa wingi zaidi baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970. Kwa familia nyingi za aina hiyo, kazi iko Muscat lakini nyumba ya ukoo iko Ibra, Nizwa au vijiji vya jirani.

Kwa miaka mingi safari hiyo haikuhitaji hesabu yoyote. Petroli ilipatikana kila mji. Sasa magari ya umeme yameanza kuonekana katika barabara hizo, na hesabu imerudi.

Gari jipya la umeme linaweza kufika Ibra bila taabu. Mtihani huanza pale linapofika na kukuta mashine ya kuchajia imeharibika, au imekaliwa na magari mawili na la tatu liko kwenye foleni.

Safari yenyewe

Kutoka Muscat hadi Nizwa ni takriban kilomita 160, na hadi Ibra ni takriban 150. Kutoka Ibra kwenda Sur, kupitia Bidiyah na Al Kamil, ni zaidi ya kilomita 160 nyingine. Anayetaka kurudi Muscat kwa njia ya pwani kupitia Quriyat ana takriban kilomita 200 mbele yake.

Mwaka 1970 Oman nzima ilikuwa na takriban kilomita 10 tu za barabara ya lami. Leo barabara hizi ni pana, zimenyooka, na sehemu nyingi zinaruhusu mwendo wa kilomita 120 kwa saa. Raha hiyo ya barabara ndiyo inayomaliza betri.

Gari la umeme la ukubwa wa kati huwa na betri ya takriban kilowati saa 60. Mjini, kwa mwendo wa pole, hutumia kilowati saa 15 au 16 kwa kila kilomita 100. Likienda kilomita 120 kwa saa huku kiyoyozi kikifanya kazi kwa nguvu, hesabu hupanda hadi 22 au zaidi, kwa sababu upinzani wa hewa huongezeka upesi kadiri mwendo unavyozidi.

Kwa hiyo dereva aliyetoka Muscat betri ikiwa imejaa atatumia takriban kilowati saa 33 hadi Ibra, na kubaki na 27. Hizo zinamtosha kwenda kilomita 120 hivi kwa mwendo ule ule. Hawezi kufika Sur, wala hawezi kurudi Muscat. Kama kituo alichokitegemea hakifanyi kazi, amekwama, na huenda ana watoto na wazee ndani ya gari, nje joto likiwa nyuzi 45.

Chaji ya haraka ni nini?

Umeme unaofika majumbani hubadili mwelekeo mara nyingi kila sekunde. Betri hupokea umeme unaokwenda upande mmoja tu. Ukichaji nyumbani, kifaa kilichomo ndani ya gari ndicho kinachougeuza umeme huo, na kwa kuwa ni kidogo, hufanya kazi polepole.

Mashine ya chaji ya haraka iliyoko barabarani huugeuza umeme yenyewe, kisha huupeleka moja kwa moja kwenye betri. Ndiyo maana ni kubwa kama kabati, ina kebo nene, na inahitaji laini yake maalumu ya umeme. Nguvu yake hupimwa kwa kilowati. Mashine ya kilowati 50 huchukua takriban dakika 50 kuipandisha betri ya kilowati saa 60 kutoka asilimia 10 hadi 80. Ya kilowati 150 inaweza kufanya kazi hiyo kwa nusu saa, ikiwa gari lenyewe lina uwezo wa kupokea kiasi hicho.

Sharti hilo husahauliwa na wengi. Nguvu iliyoandikwa kwenye mashine ni kikomo cha mashine, na kila gari lina kikomo chake. Kinachofuatwa ni kile kilicho kidogo. Aidha, mashine nyingi zenye kebo mbili hugawana nguvu: gari la pili likiunganishwa, la kwanza hupunguziwa.

Kwa nini asilimia 80?

Betri hupokea umeme kwa kasi ikiwa karibu tupu. Ikikaribia kujaa, gari hupunguza kasi lenyewe ili kuilinda. Asilimia 20 za mwisho zinaweza kuchukua muda uleule uliotumika kwa asilimia 70 zilizotangulia.

Kwa sababu hiyo, katika kituo cha haraka ni desturi njema kuondoka ukifika asilimia 80 na kumpisha mwingine. Hata hivyo, desturi hiyo imezaliwa katika nchi zenye vituo kila baada ya kilomita chache. Katika njia ya Ibra hadi Sur, pale ambapo kituo kinachofuata hakina uhakika, dereva mwenye busara anaweza kulazimika kusubiri zaidi. Waswahili husema akiba haiozi, na akiba ya betri ni hivyo hivyo.

Joto na mlima

Mwezi Juni mwaka 2018, mji wa Quriyat ulio kwenye njia ya pwani kati ya Muscat na Sur uliandika rekodi: kwa zaidi ya saa 24 joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6, hata usiku. Betri haipendi joto la aina hiyo. Gari lililokwenda kasi kwa saa mbili na kisha kuunganishwa kwenye mashine ya haraka hutumia sehemu ya umeme kujipoza, na mara nyingi hupunguza kasi ya kupokea chaji. Mashine nayo, ikiwa haina kivuli, hujipunguzia nguvu. Katika majira ya joto, dakika 30 zilizoahidiwa zinaweza kuwa 45.

Mlima una hesabu yake. Kutoka Nizwa hadi uwanda wa Saiq katika Jabal Akhdar, gari hupanda takriban mita 1,500. Kwa gari la tani mbili, kupanda huko peke yake humeza kilowati saa 8 au 9, mbali na zile za mwendo wa kawaida. Wakati wa kushuka, mota hugeuka kuwa jenereta na kurudisha sehemu kubwa ya umeme huo, huku ikiziokoa breki. Lakini anayechaji hadi betri kujaa kileleni hana pa kuuweka umeme wa kushukia.

Plagi zisizolingana

Magari yanayouzwa na mawakala katika nchi za Ghuba kwa kawaida hutumia plagi ya Ulaya, iitwayo CCS2, kwa chaji ya haraka. Lakini soko la Ghuba lina pia magari yaliyoletwa moja kwa moja kutoka China yenye plagi ya GB/T, na yaliyotumika kutoka Marekani yenye plagi za huko. Magari ya zamani ya Japani, kama Nissan Leaf, hutumia CHAdeMO.

Bei nafuu ya gari kama hilo inaweza kuwa ghali barabarani. Adapta zipo, lakini si zote zinazohimili nguvu ya chaji ya haraka, na si kila mashine inakubali kuzungumza na gari kupitia adapta. Mnunuzi anashauriwa kulipeleka gari kwenye mashine ya umma na kulichaji kabla hajalipa fedha.

Kabla ya kuondoka

Madereva wenye uzoefu hupanga safari kwa vituo viwili, si kimoja: kile wanachokusudia kusimama, na kingine wanachoweza kukifikia ikiwa cha kwanza kimeshindikana. Huangalia katika programu ya simu ni lini mashine ilitumika mara ya mwisho, maana iliyotumika asubuhi ya leo ni ya kuaminika kuliko iliyokaa kimya wiki nzima. Hujisajili na kuweka njia ya malipo wakiwa bado Muscat, badala ya kuhangaika na simu juani.

Na wakikwama, hupunguza mwendo. Dereva yule aliyebaki na kilowati saa 27 akishuka hadi kilomita 90 kwa saa anaweza kupata takriban kilomita 160 badala ya 120.

Nyumba ya ukoo nayo ni kituo. Oman hutumia plagi ya pini tatu kama ile ya Kenya, Uganda na Tanzania. Waya wa dharura uliounganishwa kwenye soketi hiyo usiku kucha, kwa saa kumi, huongeza takriban kilowati saa 20. Zikijumlishwa na zile 27, Sur inafikika. Lakini soketi hupata moto ikibebeshwa mzigo kwa saa nyingi, na nyumba kongwe zina nyaya kongwe. Waya wa kuongezea usitumike kamwe, na mwenye nyumba aombwe ruhusa kwanza, kwani mita inayozunguka ni yake.

Umeme unatoka wapi?

Umeme mwingi wa Oman huzalishwa kwa gesi asilia, na Sur yenyewe ina mtambo wa megawati 2,000 ulioanza kazi mwaka 2014. Lakini mwezi Oktoba mwaka 2022 serikali ilitangaza lengo la kufikia sifuri halisi ya utoaji wa hewa chafu ifikapo mwaka 2050, na Januari 2025 ilizinduliwa mitambo miwili ya umeme wa jua huko Manah, si mbali na Nizwa, yenye jumla ya megawati 1,000. Gari linalochajiwa mchana Nizwa linaweza kusaidia kutumia umeme huo wakati jua limejaa.

Afrika Mashariki hesabu ni ile ile. Kenya iliweka bei maalumu ya umeme kwa usafiri wa umeme mwaka 2023, na Ethiopia ilizuia uingizaji wa magari ya petroli na dizeli mwaka 2024. Lakini safari ya Mombasa hadi Nairobi ni takriban kilomita 480 na kupanda zaidi ya mita 1,600. Msafiri wa huko, kama yule wa Ibra, hatauliza nchi ina vituo vingapi. Atauliza kama kile cha njiani kinafanya kazi leo, kama kina mashine mbili badala ya moja, na kama kuna mtu wa kumpigia simu kikizimika.

Hadi maswali hayo yapate majibu, wenye nyumba zao na mita zao watanufaika kwanza na gari la umeme. Anayeishi katika fleti ya kupanga Muscat na kumtembelea mama yake Ibra kila wiki atalitegemea lile kabati la kando ya barabara, na ataendelea kuweka akiba.