Helikopta ikiwa karibu kugusa chini, juu ya nini inapinduka?

Kila mara kukitoka habari ya helikopta ya mafunzo iliyoanguka ikitua, nasoma maneno yale yale: "Mwanafunzi hakujua kazi." Mimi nilisoma fizikia, si urubani, lakini fizikia peke yake inaonyesha kwamba hukumu hiyo ni ya haraka.

Tuchukue Robinson R22, helikopta ya viti viwili inayotumika sana kufundishia. Ikijaa kabisa haipiti kilo 622. Haina magurudumu, inatua juu ya vyuma viwili virefu.

Ikiwa hewani na kuinama, inazunguka kwenye kitovu cha uzito wake, na rubani anairudisha bila shida. Lakini chuma kimoja kikigusa chini kikakwama kwenye matope, jiwe ao mzizi, kinakuwa kama bawaba ya mlango. Mapanga ya juu bado yanavuta kwa nguvu, na nguvu ile sasa inaipindua mashine juu ya bawaba. Sekunde 2 zinaweza kutosha. Juu ya hiyo, kwa helikopta nyingi, mteremko wa nyuzi 5 unahesabiwa kuwa mwisho wa kutua kwa kawaida.

Njo hapa penye mtego. Ukisikia unaangukia ubavu, mwili wote unakuambia: panda, toka chini! Mwanafunzi anavuta juu fimbo ya mkono wa kushoto, ile ya kuinulia. Kumbe anaongeza nguvu ile ile inayomwangusha. Dawa ni kinyume: kushusha fimbo mapema, bila kuibamiza, uzito uirudishe mashine chini. Fimbo ya kuielekeza upande haisaidii tena pembe ikishapita kiasi.

Mwalimu naye anaweza kuzishika fimbo. Akizishika mapema sana, mwanafunzi hajifunzi. Akichelewa kidogo, mapanga yanapiga udongo.

Basi siku nyingine tuulize kwanza: udongo ulikuwa wa namna gani? Kulikuwa mteremko? Nani alishika fimbo, na wakati gani? Kumlaumu mwanafunzi ni rahisi, lakini hakumfundishi yule wa kesho kushusha mkono wakati mwili wake wote unataka kupanda.