Tumbo la Gari na Ngamia Aliyefungwa



Usiku mmoja wa masika nilikuwa nikiliendesha gari la msikiti wetu, nimembeba mja mzito kutoka kijiji kimoja cha Kwale kuelekea Msambweni. Njia za huko zimepita juu ya miamba ya matumbawe. Jiwe lililofichwa na maji likaitoboa sampu, oili ikamwagika yote, ikanibidi kuizima injini. Mama yule alimalizia safari kwa bodaboda, mumewe amemshikilia kwa nyuma. Alhamdulillah, alijifungua salama.

Niliporudi, mke wangu aliuliza, "Maalim, njia ya mawe unaijua. Mbona hukulikinga gari?" Nikamjibu kuwa ni kadari. Akasema, "Na ngamia je?"

Sikuwa na jawabu. Mtume (S.A.W.) alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha amtegemee Mwenyezi Mungu.

Basi tulikwenda kwa fundi wa kuchomelea vyuma, tukatengeneza kinga wenyewe. Kwanza tulikata kadibodi ikalingana na umbo la chini ya gari, kuanzia mbele ya injini hadi nyuma ya sampu. Kisha fundi akakata bamba la chuma la milimita 5, akalikunja mbele lielekee juu, ili gari liteleze juu ya jiwe badala ya kulikita. Chuma kizito mno kina madhara yake: mita moja ya mraba ya bamba hilo ina uzito wa takriban kilo 39, nao huzilemea springi za mbele.

Bamba halichomelewi kwenye chesisi, kwani moto huweza kuidhoofisha, na kila siku ya kubadilisha oili hulazimu kulifungua. Hufungwa kwa bolti. Huachwa nafasi kati yake na sampu, ili likibonyea lisiiguse. Hutobolewa matundu ya kupitisha hewa, maji na tope. Mwisho hupakwa rangi ya kuzuia kutu, maana chumvi ya pwani haina huruma.

Tahadhari ni tatu. Uchomeleaji ufanywe bamba likiwa limetolewa, mbali na tangi la mafuta. Mtu asiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki pekee. Liwekewe vigingi imara. Na nyasi kavu zinazonasa juu ya bamba ziondolewe kila baada ya safari, kwani zikigusa bomba la moshi huwaka.

Leo bamba letu limejaa mikwaruzo. Kila mkwaruzo ni jiwe ambalo lingeweza kumwacha mgonjwa njiani.

Enyi mama na dada, mnaopanda magari haya na watoto wenu, msione haya kuuliza yaliyo chini yake. Gari la jamaa ni amana, na roho zilizomo ni amana kubwa zaidi.

Wabillahi tawfiq.